Kipimo na Mpimaji: Falsafa ya Sayansi Kutoka Osiri Hadi Rasi ya Homa

Falsafa ya sayansi, yaani uchunguzi wa namna maarifa ya kisayansi yanavyopatikana, yanavyothibitishwa na yanavyoaminiwa, imejadiliwa katika vyuo vikuu kwa muda mrefu na kambi mbili ambazo hazisikilizani sana. Kambi ya kwanza hushughulika na mantiki ya ushahidi: nadharia hupimwaje, hutupwa lini, na hutofautianaje na imani. Kambi ya pili hutazama jamii inayoizunguka maabara, ikiuliza nani hulipia utafiti, nani huruhusiwa kuufanya, na masilahi gani huamua swali litakaloulizwa. Mwanafalsafa Hans Reichenbach aliupa mgawanyiko huu sura rasmi mwaka 1938 alipotenga muktadha wa ugunduzi, ambamo wazo huweza kuzaliwa kwa njia yoyote ile, na muktadha wa uthibitisho, ambamo wazo hilo husimama au kuanguka kwa nguvu ya hoja peke yake. Mgawanyiko huo ungali unafundishwa, na mifano yake mingi hutoka Ulaya: Galileo na darubini yake, Semmelweis na homa ya uzazi mjini Vienna, Einstein na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919.

Hata hivyo, eneo ambalo zamani liliitwa Nyanza Kusini, na ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, lina mifano ambayo kwa swali hili ni mizuri kuliko mingi ya vitabuni. Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na wanasayansi huja kuipima. Katika Rasi ya Homa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vimezua mabishano tangu miaka ya 1930. Na Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kuna kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Mwafrika aliyekuwa na msimamo wake kuhusu sayansi ni ya nani. Ukiitazama mifano hii pamoja, mstari wa Reichenbach unaonekana kukatika, si kwa sababu sayansi ni siasa tupu, kama wanavyodai baadhi ya wahakiki wake, bali kwa sababu ushahidi wenyewe una wenyewe: kuna aliyeutunza, kuna aliyeulipia, na kuna ambaye haukumfikia.

Mfano wa Kanam unastahili kuelezwa kwa kirefu. Tarehe 29 Machi 1932, katika makorongo ya Kanam kwenye Rasi ya Homa, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa msafara wa mtafiti wa visukuku Louis Leakey, alichimbua bonge gumu ambalo ndani yake mlikuwa na kipande cha taya ya mtu. Leakey alikiunganisha na vipande vya mafuvu vilivyopatikana Kanjera, si mbali na hapo, akadai kwamba binadamu wa umbo la leo alikuwapo Afrika Mashariki tangu zama za mbali mno kuliko ilivyodhaniwa. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka 1933 uliyapokea madai hayo vizuri. Mapema mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell, aliyekuwa na shaka, alikuja mwenyewe kuonyeshwa mahali. Vigingi vya chuma alivyovisimika Leakey kuweka alama havikuwapo tena, kwa kuwa wenyeji walikuwa wameving'oa, na kwao chuma kilikuwa na kazi nyingine. Mvua zilikuwa zimemomonyoa kingo za makorongo. Na picha iliyotumiwa kuonyesha eneo ilibainika kuwa ya korongo jingine. Boswell aliandika katika jarida la Nature kwamba mahali halisi pa visukuku hapakuweza kuthibitishwa, na jina la Leakey likaingia doa ambalo lilimchukua miaka mingi kulifuta.

Kwa mtu asiye wa fani hiyo, kigingi kilichopotea ni jambo dogo. Kwa mwanajiolojia ndicho uthibitisho wenyewe, kwa sababu kisukuku hakina umri peke yake. Umri wake hutokana na tabaka la udongo kilimolala, na kikishatengwa na tabaka hilo hubaki mfupa usio na tarehe. Hapa muktadha wa ugunduzi na ule wa uthibitisho haiwezi kutenganishwa. Kigingi kilikuwa na maana moja kwa msafara na maana nyingine kwa mvuvi wa Kanam, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kuzikutanisha maana hizo mbili, hivyo uhusiano wa kijamii kati ya watafiti na wenyeji ukawa sehemu ya ubora wa ushahidi, sawasawa na usahihi wa dira au ukali wa kamera.

Lakini kisa hakiishii hapo, na nusu yake ya pili ndiyo inayosahaulika na wale wanaopenda kukitumia kama kielelezo cha ukoloni wa kisayansi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba taya ya Kanam ilikuwa na uvimbe wa maradhi uliobadili umbo la kidevu, kile kidevu ambacho Leakey alikitegemea kama alama ya binadamu wa leo, na kwamba mafuvu ya Kanjera yalikuwa ya zama za karibu sana kuliko tabaka yalimopatikana. Leakey alikosea, na hakukosea kwa sababu ya vigingi. David Bloor wa Edinburgh alipendekeza mwaka 1976 kanuni ya ulinganifu, inayotaka imani za kweli na za uongo zielezwe kwa sababu za aina moja, zikiwamo za kijamii. Kanam inaipa kanuni hiyo nguvu na pia inaiwekea mpaka: mazingira ya kijamii yanaeleza kwa nini jambo halikuweza kuamuliwa mwaka 1935, lakini hayaelezi kwa nini hatimaye liliamuliwa dhidi ya Leakey. Jibu la swali hilo la pili limo ndani ya mifupa.

Miaka 80 hivi baadaye, katika rasi hiyohiyo, hali ilikuwa tofauti. Mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi na watafiti ndiye aliyewadokezea kuhusu mahali ambapo mawe yaliyochongwa na mifupa vilikuwa vikifukuliwa na mmomonyoko, karibu na ufuo wa Nyayanga. Matokeo yaliyotangazwa katika jarida la Science mwaka 2023 yalieleza juu ya zana 330 za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wa karibu na binadamu, vyote vikikadiriwa kuwa vya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Umri huo haukutokana na maneno ya mwenyeji. Ulitokana na vipimo vya usumaku wa tabaka, vya kemia ya madini na vya aina za wanyama waliokutwa humo. Hata hivyo bila mwenyeji pasingekuwa na cha kupima. Hapa Reichenbach angejitetea kwamba huo ni ugunduzi tu, na utetezi huo una uzito kiasi, ingawa unapungua pale inapokumbukwa kwamba usalama wa eneo lenyewe, kuanzia siku ya kwanza hadi chapisho, uko mikononi mwa watu wanaoishi juu yake.

Kituo cha Mbita kinaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana. Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyesoma Makerere na Cambridge, alianzisha mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ekolojia ya wadudu, ambacho watu wote hukiita ICIPE, makao yake yakiwa Nairobi na kituo chake kikubwa cha nyanjani Mbita. Msimamo wake ulikuwa kwamba Afrika haiwezi kuendelea kwa kuazima matumizi ya sayansi huku ikiacha utafiti wa msingi kwa wengine. Zao maarufu zaidi la Mbita ni kilimo cha sukuma-vuta, ambamo desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo wa vidudu vinavyotoboa mabua, na majani ya tembo hupandwa pembezoni ili kuwavuta nje. Desmodiamu iliwekwa kwa ajili ya wadudu, lakini watafiti waliona kwamba ilikuwa pia ikiua kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mahindi na ambalo Waluo huliita kayongo. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kiduha iote kisha ife kabla ya kupata cha kunyonya. Kwa mkulima wa Suba, eneo ilipo Mbita, ambaye kiduha kilimtesa kuliko vidudu, tokeo la pembeni ndilo lililokuwa tokeo kuu.

Kwa Osiri, swali linakuwa gumu zaidi, kwa sababu hapa mtu anayechunguzwa ndiye pia anayeumia. Mgodi mkubwa wa kikoloni wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo uchimbaji wa ukanda huu umekuwa hasa mikononi mwa wachimbaji wadogo. Kazi yenyewe hufuata mkondo unaojulikana. Mawe hutolewa shimoni kwa magunia, hupondwa kwa nyundo, husagwa kwa mashine, kisha unga wake huoshwa kwa maji juu ya mteremko uliotandikwa magunia au zulia ambako chembe nzito hunasa. Mashapo hayo hukusanywa katika karai, hutiwa zebaki na kukandwa kwa mikono mitupu hadi zebaki iikamate dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki donge la kijivu, na donge hilo huchomwa juu ya jiko la makaa hadi zebaki ipae kama mvuke na ibaki rangi ya manjano. Sehemu kubwa ya kuponda na kuosha hufanywa na wanawake, na uchomaji hufanyika mara nyingi palepale nyumbani, ambapo moshi hauchagui mtu mzima na mtoto.

Mwaka 2002 Jason Ogola, Winnie Mitullah na Monica Omulo walichapisha utafiti kuhusu athari za uchimbaji wa dhahabu katika ukanda wa Migori kwa mazingira na afya. Walikuta katika makapi ya mahali paitwapo Mickey zebaki ya hadi miligramu 1,920 kwa kilo, na wakakadiria kwamba takriban asilimia 40 ya zebaki inayopotea hupotea wakati wa kuosha na asilimia 60 wakati wa kuchoma. Jambo la kuzingatiwa katika utafiti huo, mbali na takwimu zake, ni kwamba uliwaunganisha mjuzi wa miamba na mjuzi wa masuala ya jamii katika andiko moja, kinyume na desturi ya vyuo ambavyo huiweka jiolojia katika jengo moja na sosholojia katika jengo jingine. Mgawanyo wa 40 kwa 60 ni takwimu ya kemia, lakini hauwezi kupatikana bila kujua nani anafanya nini, wapi na kwa chombo gani.

Sasa ulinganishe upimaji huo na ule wa samaki. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo vya mara kwa mara dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi, kipindupindu na hofu ya sumu za kuulia wadudu, na nchi tatu zinazolizunguka ziwa zikalazimika kuimarisha ukaguzi na maabara ili samaki aitwaye mbuta arudi sokoni. Uchunguzi wa zebaki uliofanywa katika samaki wa ziwa umekuta kwa jumla kwamba wengi wako chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo kinachotumiwa katika biashara ya kimataifa. Matokeo hayo yana manufaa kwa mla samaki, lakini hayamhusu mwanamke aliyeinama juu ya jiko Osiri, kwa sababu zebaki si sumu ya aina moja. Inayokaa ndani ya samaki ni zebaki iliyobadilishwa na vijidudu vya majini, ileile iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Inayotoka jikoni ni mvuke unaoingia kupitia mapafu na kushambulia neva na figo. Sentensi isemayo kwamba zebaki ya eneo hili haijavuka kiwango inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa imejibu swali la mnunuzi wa Ulaya badala ya swali la Osiri.

Mwanafalsafa Richard Rudner alitoa mwaka 1953 hoja ambayo hapa inakaa mahali pake hasa. Hakuna dhana inayothibitishwa kikamilifu, alisema, hivyo mwanasayansi lazima aamue ni ushahidi kiasi gani unatosha, na uamuzi huo hutegemea ubaya wa matokeo iwapo atakosea. Kwa hiyo tathmini ya kimaadili imo ndani ya kazi ya sayansi yenyewe. Iwapo mvuke wa zebaki unadhaniwa kuwa salama na kumbe si salama, anayelipa ni mtoto aliye karibu na jiko. Iwapo unadhaniwa hatari na kumbe si hatari sana, anayelipa ni kaya inayopoteza kipato chake cha pekee. Wapinzani wa Rudner walijibu kwamba mwanasayansi atoe uwezekano tu, na maamuzi ayaachie serikali. Jibu hilo linapendeza darasani, lakini linachukulia kwamba kuna serikali iliyo karibu, yenye uwezo wa kusoma uwezekano na kuutumia, na kwa machimbo ya dhahabu dhana hiyo ni ya ukarimu mno.

Suala la maarifa ya wenyeji huingia hapa, na huingia kwa mlango usiotarajiwa. Mwanaanthropolojia Parker Shipton alichapisha mwaka 1989 kitabu chake kuhusu fedha chungu miongoni mwa Waluo, yaani fedha zitokanazo na vitu kama dhahabu, tumbaku, bangi au uuzaji wa ardhi ya ukoo, ambazo huaminiwa kuwa zikitumiwa kulipa mahari au kununua ng'ombe humletea mwenye nazo na jamaa zake balaa na hata mauti. Mtu atavutiwa kusema kwamba wazee walikwisha kuijua zebaki kabla ya maabara. Dai hilo halisimami. Imani hiyo inaiweka dhahabu pamoja na shamba lililouzwa, ambalo halina mvuke wowote, na uchungu wake huondolewa kwa matambiko ya kutakasa, si kwa kufunika karai. Inahusu mali iliyopatikana bila ukoo kushirikishwa, na katika hilo ni nadharia makini ya uchumi na haki, si ya sumu. Robin Horton, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967, alisema kwamba fikra za jadi za Afrika na sayansi ya kisasa zote hutafuta umoja nyuma ya matukio mengi, tofauti ikiwa kwamba za kwanza hazina mazoea ya kufikiria nadharia mbadala. Mfano wa fedha chungu unakubaliana naye kuhusu umoja huo, lakini kuhusu ufungikaji wa fikra unamwacha mashakani, kwa kuwa vijana wanaochimba dhahabu kila siku wanaufahamu mwiko huo, wanaubishia, na wanajadiliana ni matumizi gani ya fedha hiyo yaliyo salama.

Ni uwezo huo wa kubishana ambao Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliufanya kipimo. Katika mradi wake wa falsafa ya wahenga, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1990, aliwatenga wahenga wanaojua na kurudia hekima ya jamii na wale wanaoikosoa kwa hoja zao wenyewe, na miongoni mwa hao wa pili alimweka mzee wa Kiluo Paul Mbuya Akoko. Kipimo hicho hakiko mbali na cha Karl Popper, ambaye kwake sayansi hutambulikana kwa kuwa tayari kukanushwa, isipokuwa kwamba Popper alikitumia kwa nadharia na Odera Oruka alikitumia kwa watu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nadharia inaweza kukanushwa na yeyote kwa mantiki, lakini kwa vitendo hukanushwa tu na mtu aliyeipata, aliyeielewa na aliye na mahali pa kusemea. Helen Longino alisisitiza mwaka 1990 kwamba ukweli wa kisayansi hulindwa na ukosoaji wa jumuiya nzima na si na akili ya mtu mmoja. Swali ambalo Osiri inalirudisha kwake ni kama aliyetoa mkojo, nywele na damu ya kupimwa ni mwanajumuiya au ni sampuli.

Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, aliitazama hali hii kwa mizani ya uchumi: data hukusanywa Afrika kama mali ghafi, hufasiriwa kwenye vyuo vya Kaskazini, na hurudi kama nadharia ya kununuliwa. Kwa Migori picha hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Utafiti wa mwaka 2002 ulikuwa wa Wakenya. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko ndani ya kaunti yenyewe, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Umbali kati ya maabara na shimo umepungua kwa kilomita, lakini makala bado huandikwa kwa Kiingereza katika majarida yanayolipiwa, na chifu wa eneo hupata barua ya kibali cha utafiti mara nyingi zaidi kuliko nakala ya matokeo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyounda tume ya NACOSTI inayotoa vibali hivyo, humdai mtafiti ripoti kwa tume, na ripoti hiyo si kitu ambacho mponda mawe wa Osiri ataonyeshwa.

Kuna jambo jingine ambalo Hountondji hakuligusa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo na kumtaka awe na kibali, lakini wengi wangali wanachimba bila kibali, na zebaki hununuliwa kwa njia zisizo wazi. Mtu anayefanya kazi katika hali hiyo humjibu mtafiti kwa tahadhari: hupunguza kiasi cha zebaki anachokiri kutumia, husema kwamba huchoma mbali na nyumba, au huondoka kabisa siku ya upimaji. Sampuli inayobaki ni ya wale wenye vibali, wenye vikundi na wasio na cha kuficha, ambao huenda ndio wanaojikinga vizuri zaidi. Hivyo takwimu ya chini inaweza kuwa imezalishwa na sheria badala ya kemia, na hakuna kifaa cha maabara, hata kiwe kikali namna gani, kinachoweza kuigundua kasoro hiyo, kwa kuwa imo katika orodha ya watu waliokubali kupimwa. Thomas Kuhn aliwafundisha wanafunzi wa sayansi tangu mwaka 1962 kwamba jicho la mtafiti huona kile ambacho mafunzo yake yamemzoeza kuona. Machimbo ya Migori yanaongeza kwamba mtafiti huona pia kile tu ambacho anayetazamwa ameona ni salama kukionyesha, na kwamba kuibadili hali hiyo ni kazi ya ofisi ya madini ya kaunti kama ilivyo kazi ya idara ya kemia.